Maulidi wa Filme na Maulidi wa Fuso

"Sauti ile ni yangu," Paulin alisema wiki yenye ilipita, na sisi tukafunga hadithi ya gazeti palepale. Ninajua mulikasirika. Mama moja wa quartier ya Furu alinisimamisha njiani na kikapo yake ya mandizi, akaniuliza kama miye sina moyo, kumuacha mutu peke yake ndani ya bureau ya ma-services ya upelelezi. Mama, moyo niko nao. Nafasi mu gazeti njo hakuna.

Basi tuende mbio. Saa ya ukuta mule bureau ya Beni ilikuwa inaonyesha saa ine na nusu ya asubui. Saa sita kamili ndege ilikuwa itamubeba Maulidi mupaka Kinshasa, na mutu mwenye anapelekwa kule kwa maneno ya bomu, familia yake inaanza kumuzungumuzia kama marehemu.

Chef Kasika hakushtuka. Njo kitu ya kwanza yenye ilimuvunja Paulin nguvu. Alikuwa anangoja ule mukubwa wa upelelezi aruke, apige meza, aite basoda na bunduki zao. Kasika alipanguza tu macho na vidole viwili.

"Uko mutu wa ine," akasema.

"Wa ine namna gani, chef?"

"Wa ine kukuya kusema sauti ni yake. Wa kwanza alikuwa mulevi. Wa pili alikuwa anatafuta ndege ya bure ya Kinshasa. Wa tatu alisema ni Mungu alimutuma. Sasa weye. Ikala."

Paulin akaikala.

Kwa wenye banaanza kusoma leo, sikieni haraka, sitarudilia. Paulin ni interprète wa filme. Iko na salle ya video kule Butembo, upande wa Rughenda. Filme za ma-espions zinakuyaka na luga zenye hakuna mutu anajua mule ndani, kwa hiyo Paulin anaikala pembeni ya écran na micro, anasema kwa kinywa ya kila mutu: espion, mwanamuke, polisi, hata imbwa. Na kama ma-interprètes wote wa kwetu, haachake filme kule Ulaya. Anaileta nyumbani. Muji mukubwa unakuwa Kayna. Bandari inakuwa Kyavinyonge. Aéroport inakuwa Rughenda. Na ma-bandits anabapatia majina ya batu ya quartier, batu wenyewe bako pale kwa banc, banacheka mupaka machozi. Kuuawa na Paulin mu filme ni heshima. Kuna mwalimu moja alinuna mwaka muzima kwa sababu hajakufa hata mara moja.

Maulidi ni shemeki yake, bwana wa Faida, dada mudogo wa Paulin. Ni muislamu wa Beni, iko na lori ya Fuso, na kila siku ya ine ya wiki anapakiaka samaki Kyavinyonge. Paulin alimufanya mubeba-bomu. Salle ilikufa na kicheko.

Mutu moja akanasa na telefone. Segonde makumi ine, sauti tu, bila picha:

"Maulidi, unisikilize muzuri. Siku ya ine pakia muzigo Kyavinyonge, chini ya samaki. Kwa barrière habafungue, banaogopa harufu. Ukifika Rughenda, ndege inakungoja."

Vocal ile, sauti ya kunaswa, ikatembea. Kutoka telefone kwenda telefone ikafika Beni, na Beni bamezika batu mingi sana, habawezi kucheka maneno ya namna ile. Sibalaumu hata kidogo. Siku tatu zimepita tangu bamushushe Maulidi kwa Fuso yake, na samaki zikaoza pale pale njiani.

"Filme iko wapi?" Kasika akauliza.

Paulin akatoa clé USB mu mufuko. Bénite, ule mama wa kupiga machine, akaiingiza kwa ordinateur. Batatu bakainama. Kwa écran muzungu moja wa koti ndefu alikuwa anakunywa kahawa, anasema pole pole mu telefone, luga yenye hata mashetani habaijue.

"Maulidi iko wapi hapa?"

"Chef, Maulidi iko mu kinywa yangu."

"Mu machine haiko?"

"Haiko. Ninatafsiriaka pale pale, mbele ya batu."

"Donc hauna kitu." Kasika akaegemea kiti. "Umetoka Butembo na barabara ile yote, na hauna kitu."

"Bénite, mama, rudisha nyuma. Nitaifanya hapa. Chef atasikia mwenyewe."

Muzungu akainua tena kahawa yake. Paulin akafungua kinywa. "Maulidi, unisikilize muzuri..." Aïe! Sauti ilitoka nyembamba, inatetemeka, sauti ya mutu anaomba mayi ya kunywa hospitali. Kasika akapiga vocal ya telefone yake. Ile ya vocal ilikuwa nzito, inatoka tumboni, inatisha kweli kweli.

"Hazifanane," Kasika akasema. "Rudi kwako, papa. Ninajua unapenda shemeki yako. Rudi."

"Chef, miye ninaogopa! Njo maana. Na tena hapa hakuna batu. Miye sifanyake kazi bila batu. Bakicheka njo sauti inakuyaka."

Kasika alimuangalia. Miaka makumi mbili na sita ya kazi, batu ya kiti kile bamemuomba mayi, bamemuomba avocat, bamemuomba mama yao. Mwenye kuomba batu ya kucheka alikuwa hajamuona bado.

"Ananie!" akaita. "Ingia. Leta na mama wa chai. Leta wote wenye uko naona."

Bakaingia: Ananie, ule soda wa mulango, na bunduki yake; mama wa chai na thermos; baandikaji wawili wa bureau ya pembeni. Bakasimama kwa ukuta, habajui kama ni mukutano ao ni matanga.

Paulin akafunga macho. Akasugua mikono. Kisha akaanza, na hakuanza na Maulidi. Alianza na kahawa. "We mama wa chai, hii sukari umeweka ao ulipitisha tu kijiko juu?" Muzungu wa écran akaangalia kikombe yake, na mama wa chai akaguna, kicheko ikamutoka puani. Paulin akasikia. Mabega yake yakashuka. "Allô, Kayna? Hapa ni miye, mubaya. Ndiyo, ule ule mubaya wa wiki yenye imepita. Bado niko mubaya." Bénite akaficha uso na mikono. Na hapo sauti ikapanda kutoka kule chini yenye inaikalaka: "Maulidi, unisikilize muzuri. Siku ya ine pakia muzigo Kyavinyonge, chini ya samaki..."

Ananie akapasuka. Alikuwa na kicheko ya ajabu ule soda, inapanda juu, inakwama, inaanza tena, kama pikipiki yenye bougie imekufa.

Kasika akainua mukono.

Akachukua telefone yake, akapiga vocal, na mara hii aliiacha iende mupaka mwisho. Maneno yakaisha. Kisha, karibu kabisa na micro, kicheko. Inapanda juu, inakwama, inaanza tena. Ile rapport yenye ilienda Kinshasa iliandika kwa ukurasa wa pili: *kicheko ya gaidi mwenye moyo ya baridi.*

Macho yote yakageuka kwa Ananie.

"Ananie."

"Chef."

"Siku ya congé yako, ile ya kupumzika, ulikuwa wapi?"

"Butembo, chef."

"Butembo wapi?"

Ananie akaangalia viatu vyake. "Niliinasa mu salle, nikamutumia fiancée tu, chef. Moja tu. Na nilimuambia asibatumie batu wengine."

"Na siku hizi tatu zote umesimama kwa mulango yangu, umenyamaza."

"Mulikuwa mumeshaandika gaidi, chef. Niliogopa."

Najua munataka Kasika amupige. Na miye nilitaka. Lakini Kasika alikuwa amechoka na kupiga, amechoka na kupigiwa kelele, amechoka na kazi yenye inamulazimisha kuogopa batu ya kwao. Aliweka paji la uso juu ya kiganja. "Leteni Maulidi," akasema.

Bakamuleta. Shati ilikuwa bado inanuka samaki. Macho ilikuwa imevimba, midomo imekauka, na alipomuona Paulin alikasirika kweli.

"Shemeki, juu ya nini umekuya? Nani alikuita huku?"

"Nimekuya kusema sauti ni yangu."

"Kwani miye sikujua ni yako? Miaka kumi na mbili unaniua mu filme, nishindwe kujua sauti yako? Siku ya kwanza bakinisikilizisha, segonde ya kwanza, nilijua. Nikasema simujue mutu uyu. Siku tatu baliniuliza ni sauti ya nani, siku tatu nikasema simujue. Bakaninyima usingizi, nikasema simujue. Sasa weye unajileta na miguu yako!"

"Maulidi..."

"Ningekutaja, Faida angebaki bila kaka na bila bwana. Hiyo haukufikiria?"

Paulin akalia. Sifichi kitu. Alilia mbele ya basoda na mama wa chai, mutu muzima wa miaka makumi ine na tano. "Nisamehe, shemeki. Ni kinywa yangu ilikufikisha hapa. Nisamehe."

"Nitakusamehe kisha kulala," Maulidi akasema. "Sasa hapana. Sasa sina hata nguvu ya kukusamehe."

"Utalala leo," Kasika akasema. "Ninaandika karatasi ya kukuachilia."

Maulidi akatikisa kichwa. "Chef, habakukuambia? Nimeshasign. Leo saa mbili."

"Umesign nini?"

"Filme."

Kila mutu akamuangalia.

"Bale ba kuniuliza balitaka hadithi. Balisema nisipotoa hadithi, banaleta Faida. Na hadithi ya bomu miye najua moja tu, ile ya shemeki. Nikabapatia yote. Valise, koti ndefu, ule mwanamuke wa nywele nyekundu."

Bénite akafungua dossier pole pole. "Mwanamuke iko hapa, chef. Ukurasa wa tano. Basoda bameshakwenda kumutafuta kule mupakani, Kasindi."

Kasika akachukua telefone ya bureau, akaita Kinshasa, akaweka haut-parleur ili kila mutu asikie na asiseme kesho kama hakusikia. Directeur, mukubwa wa Kasika, akapokea. Ile sauti, ndugu zangu! Ilikuwa ya mutu ameshiba, inatoka na pumzi puani, na kila maneno mawili anafyonza meno, na kila mutu anamuita ndeko, ndugu.

"Kasika, ndeko. Donc mutu iko njiani?"

Kasika akamueleza. Akaeleza filme, akaeleza salle, akaeleza kicheko ya Ananie. Akaeleza mupaka jasho ikamushuka. Kule Kinshasa meno ikafyonzwa.

"Donc, ndeko, unataka niende kwa bakubwa niseme wiki muzima tulikuwa tunawinda filme?"

"Ni kweli, Directeur."

"Kweli sikuulize. Mutu alisign. Donc saa sita mutu anapanda. Ukimuachilia, unapanda weye."

Telefone ikakatika. Kasika akairudisha mahali pake, akaangalia Maulidi. Na pale njo aliona midomo ya Paulin. Ilikuwa inatembea, bila sauti, na pua ilikuwa inavuta pumzi. Ni ugonjwa wa kazi. Paulin mwenyewe hakujua kama anamuiga Directeur.

Jeep ikapiga honi inje. Saa tano na dakika makumi mbili. Sergent Lusenge wa aéroport akaingia na pingu mukononi.

"Ni nani wa ndege?"

Maulidi akasimama. Hakuna mwenye alimusukuma. Siku tatu bamemuita simama, ikala, simama, na mwili ilikuwa imezoea.

"Ikala, papa," Kasika akamuambia.

"Wacha niende, chef. Kwa ndege hakuna mwenye ataniuliza kitu. Nitalala."

Faida angesikia maneno ile angeanguka. Paulin alimushika mukono, akaikaza, na Maulidi hakuwa hata na nguvu ya kuikaza naye.

"Sergent," Kasika akasema, "amri imebadilika. Mutu anarudi kwake."

"Chef, na heshima yote, hii karatasi ni ya Directeur. Kama alibadilisha, aniambie yeye mwenyewe kwa masikio yangu. Miye niko na batoto sita."

Kasika alimuangalia Paulin, akamuangalia muda murefu, mupaka Paulin akaelewa.

"Paulin," Kasika akasema na sauti ya kila siku, "enda na Bénite kwa chumba ya archives. Umusaidie kutafuta ile dossier."

Bénite akasimama. Akachukua telefone yake kwa meza. Kwa mulango, bila kumuangalia, akaiweka mu mukono ya Paulin. Kasika akaandika numéro ya Bénite kwa telefone yake, moja moja, akamupatia sergent.

"Hii haina jina," sergent akasema.

"Ni numéro ya leo. Banabadilishaka."

Kule archives, telefone ikaanza kutetemeka mukononi. Sasa munisikilize, wasomaji. Mupaka dakika ile Paulin hakuwa na kosa. Filme ni filme. Akipokea, anakuwa kweli ule mutu mwenye banamuandika mu rapport: mutu wa sauti ya uongo, mwenye anadanganya jeshi la État, la serikali. Hakuna avocat atasema ni muchezo. Paulin iko na bibi, iko na batoto ine, na alibafikiria wote mu dakika ile. Na batu ya kucheka hakukuwa. Kulikuwa Bénite tu, amefunga macho, anasali Maria.

Akapokea.

"Allô."

"Mes respects, Directeur! Sergent Lusenge, aéroport ya Beni."

Paulin akavuta pumzi na pua. Akafyonza meno. "Donc, ndeko, unapoteza mafuta ya État juu ya samaki?"

Bénite akafungua macho, akashika kinywa. Ni Directeur mwenyewe alikuwa amesimama pale kati ya madossier.

"Directeur, miye nilitaka tu..."

"Donc achilia uyo mutu. Sasa hivi. Nataka kusikia mulango."

Kule bureau sergent alikuwa amenyooka, visigino pamoja. Akatoa ishara na kidevu. Ananie alifungua mulango haraka kuliko siku zote za maisha yake. Maulidi hakuelewa. Kasika akamusukuma mugongoni: "Enda kwako ulale, papa. Enda!"

Kwa dirisha ya archives Paulin alimuona anavuka lupango, kiwanja ya bureau. Anatembea pole pole, miguu inajikokota. Kule ngambo ya barrière, muti wa kufunga njia, Faida alikuwa amesimama tangu asubui na kikwembe kichwani. Alimuona bwana yake, akaweka mikono yote mbili kinywani. Hatua makumi tatu zilikuwa zinabaki, na barrière ile inashikwa na basoda wenye balikuya na jeep ya sergent.

"Imefanyika, Directeur," sergent akasema. "Kuna ingine?"

Angekata hapo. Mutu mwenye akili angekata. Lakini sergent akibadilisha mawazo, kelele moja tu kwa dirisha na barrière haifunguke. Maulidi alikuwa bado mbali. Paulin akaendelea.

"Donc, ndeko. Kule mvua inanyesha?"

"Kidogo, Directeur."

"Na batoto? Bale sita?"

"Bako muzuri, Directeur!" Sergent akatabasamu, amefurahi. "Kumbe Directeur anabajua batoto yangu?"

Na pale, ndani ya sikio ya sergent, telefone ikalia: bip. Bip tena. Mutu mwingine alikuwa anaita telefone ya Kasika. Sergent akaiondoa kwa sikio ili aangalie ni nani.

Kasika akanyoosha mukono. Alichelewa.

Kwa écran kuliandikwa DIRECTEUR KINSHASA.

Sergent alisoma. Akarudisha telefone kwa sikio, na Directeur alikuwa bado anamuuliza kama mutoto wa mwisho anasoma muzuri. Akaiondoa, akasoma tena. Kisha akageuza kichwa, pole pole, kwa mulango ya archives, na kule inje Maulidi alikuwa amebakiza hatua kumi.